Nyongeza Ndani ya Mto wa Mtoto

Nimeuza vitu vya watoto Temeke kwa miaka kumi na mmoja, na sikumbuki siku niliyonunua kitu bila kuomba nyongeza. Nikichukua fungu la nyanya, nalipa, halafu nanyanyua nyanya moja zaidi na kumtazama muuzaji mpaka aangalie pembeni. Si njaa. Ni adabu ya soko. Mama yangu alikuwa akisema mtu anayelipa bei na kuondoka kimya anamwachia muuzaji mawazo, anabaki kujiuliza ameuza rahisi au vipi. Kwa hiyo tunaomba ili watu waagane vizuri. Sikujua kwamba nyongeza inaweza kumtoa mtu kwenye fremu.

Fremu yenyewe, yaani duka langu la kupanga, ni chumba kimoja chenye mlango wa chuma, kipana kiasi kwamba nikinyoosha mikono miwili bado inabaki hatua tatu upande huu na hatua mbili upande ule. Nimeipima mara mbili. Mwenye nyumba ni mzee wa Kiarabu ambaye babu yake alianza kuuza vyombo palepale pembeni, na yeye bado anauza vyombo, masufuria yamening'inia mpaka barabarani. Kodi anapokea ya miezi sita, na hapokei vipande. Mwaka wa kisa hiki nilipomwendea kumwomba anivumilie, aliweka miwani yake juu ya daftari.

"Mama, mie sina ugomvi na wewe," alisema. "Nina ugomvi na mwisho wa mwezi."

"Mzigo wangu uko njiani, mzee wangu."

"Mizigo yote iko njiani. Ukifika, njoo. Mwezi ukiisha haujafika, kuna kijana wa kuuza simu ameshaniuliza fremu hii mara tatu."

Mzigo wenyewe ulikuwa katoni arobaini za mito ya kukalishia watoto, kumi na mbili kila katoni. Jumla mia nne na themanini. Kama hujawahi kuiona, ni mto wa duara uliojazwa pamba ya plastiki, katikati una shimo. Mtoto wa miezi mitano sita anatumbukizwa humo, mgongo unaegemea, mbavu zinashikwa, anakaa bila kwenda chali. Sie tumekua na beseni. Unapanga khanga mbili tatu ndani ya beseni, mtoto unamtia katikati, unaendelea kuosha vyombo huku anakutazama kama bosi. Mto huu ni beseni ya watu waliopata kazi ya ofisini. Nilishaleta kumi na tano kwenye mabegi ya wasafiri, ikaisha wiki moja. Ndipo nikaweka mtaji wote kwenye katoni arobaini, nikachangia kontena na wenzangu. Mtaji wote maana yake wote. Nikiukosa mzigo ule nakosa kodi, nikikosa kodi nakosa fremu, na nikikosa fremu kuna dada yangu Pugu anafuga kuku, ambaye kwa miaka sita amekuwa akiniambia njoo tufuge wote, Temeke inakuzeesha bure.

Muuzaji wangu alikuwa Guangzhou. Tulikuwa tukiandikiana kwenye simu, yeye akiandika Kichina, simu ikimgeuza kuwa Mswahili wa ajabu. Tulivutana siku nne. Siku ya nne aliniandikia: "Dada mpendwa, bei imekufa." Nikajua amefika chini kweli. Mtu mwingine angetuma hela. Mimi nikaandika: "Sawa. Na nyongeza je?"

Hakunijibu mpaka asubuhi. Kisha ikaja: "Nyongeza ipo. Zawadi ndani ya mto." Nikafurahi, sikuuliza zawadi gani. Nilidhani njuga, au kile kikaragosi cha kuning'iniza. Niliwaonyesha wenzangu wa fremu za jirani ujumbe ule kama mtu anayeonyesha cheti.

Wakala wangu wa forodha ni mtu mpole, anavaa shati la mikono mirefu hata mwezi wa pili, na ana tabia ya kuanza habari mbaya kwa kuuliza watoto hawajambo. Mzigo uliposhuka akaandika tamko: mito, bidhaa za matandiko. Nikamuuliza mara mbili kama ni sahihi. Akasema mama, mto ni mto. Siku tatu baadaye akapiga simu.

"Shikamoo mama. Watoto hawajambo?"

"Kimetokea nini?"

"Afisa amefungua katoni moja. Anasema si mito. Anasema viti."

"Viti gani? Vina miguu?"

"Nilimwambia hivyohivyo. Njoo mwenyewe, mama. Na njoo mapema, siku za kukaa ghalani zinahesabika."

Nilikwenda mapema. Ghala lilikuwa bati juu, bati pembeni, joto limejaa kama limelipiwa nafasi. Afisa alikuwa mwanamke mdogo kwangu, wa bara kwa matamshi yake, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Alinyanyuka akanipa shikamoo kwa magoti yaliyopinda kidogo. Nikaitikia marahaba. Mtu anayekuheshimu hivyo kazini hakupunguzii kitu. Wanaopunguza huwa wanakuita mama mkubwa wakiwa wamekaa.

Meza ilikuwa na mto wangu mmoja, rangi ya njano, na kitabu kinene ambacho kingo zake zimekuwa nyeusi kwa vidole.

"Mama, hiki unakiitaje?"

Hapo nikafanya kama dukani. Dukani mimi sikitaji kitu jina kabla mteja hajakitaja. Akisema anatafuta mto wa kulalia, namwambia huu hapa. Akisema kiti cha mtoto, namwambia huu hapa. Akisema zawadi ya arobaini ya mtoto wa shoga yake, namwambia dada, huu hapa, na mfuko wa kung'aa ninao.

"Kwani wewe unaonaje, mwanangu?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo, bila kuonyesha meno. "Mie siko dukani kwako mama. Huku unasema wewe kwanza."

"Ni mto."

"Mtoto analala au anakaa?"

"Akichoka analala."

"Na kabla hajachoka?"

Nikamweleza habari ya beseni. Nilieleza vizuri, nadhani. Nikasema mama zetu wametukalisha kwenye beseni, mimi na wakala hapa na pengine hata yeye, na bado mtu akiingiza beseni hakuna anayemwambia ameingiza kiti. Sasa beseni ya bati inabaki beseni, mto wa pamba kwa nini usibaki mto?

"Kwetu walichimba shimo uani," alisema afisa. "Mama anaweka nguo, anakuweka humo mpaka kiunoni, anakwenda kupalilia. Nilikaa humo na mdogo wangu akakaa humo."

"Umeona. Na shimo nalo utalitoza?"

"Shimo halikupita bandarini, mama."

Wakala akakohoa. Afisa akafungua kitabu, akanieleza polepole kama mwalimu ambaye ameshakata tamaa na darasa lakini si na mwanafunzi mmoja mmoja. Kitabu, alisema, hakijali mimi nakiitaje wala kwetu tunamkalishaje mtoto. Kinauliza kitu kimetengenezwa na nini na kimefika kikiwaje. Mto laini mtupu ni mto, hata ukiukalia kutwa. Ungekuwa hivyo tu, tungekuwa tumemaliza, akasema. Lakini kikiwa na umbo gumu ndani, lililowekwa limbebe mtoto akae, hapo kimehamia fungu la viti, na tozo za fungu hilo ni nyingine.

"Basi ni huohuo, mtupu," nikasema. "Laini."

"Bonyeza chini."

Nikabonyeza. Kidole kiligonga kitu. Akafungua zipu ya chini ambayo mimi kwenye ile kumi na tano ya kwanza sikuwahi kuiona, akatoa kitako cha plastiki, kigumu, kimechongwa kama sahani ya kina kirefu, kina mahali pa makalio na mkanda wa kumfunga mtoto.

"Hiki ni nini?"

Nilikumbuka ule ujumbe niliowaonyesha jirani zangu.

"Ni nyongeza," nikasema.

"Kwenye ankara hakipo."

"Nyongeza haiandikwi. Ndiyo maana ikaitwa nyongeza."

"Kwa hiyo mama una vitako ambavyo hukuvitamka, na vimegeuza mito yako viti." Alisema bila kukaripia, ndicho kilichochosha zaidi. "Hapa kuna tofauti ya ushuru, na kuna adhabu ya tamko lisilo sahihi. Kwa mzigo wote."

Nikapiga hesabu ya mzigo wote kichwani. Nikairudia kwa njia nyingine. Zote mbili zilikuja palepale: haukomboleki. Ukipita muda wake ghalani unaandikwa mnada, na kwenye mnada nimeshawahi kununua mimi mwenyewe vitu vya watu, tena kwa kuvutana bei, nikaenda nyumbani nikijisifu.

"Tufanye nusu mto, nusu kiti," nikamwambia. Nilijua ni upuuzi. Ulimi ulikwenda wenyewe.

"Kitabu hakina nusu, mama."

Nilitoka nje nikamwandikia yule wa Guangzhou. Kwa nini hukuniambia ni kitako kigumu? Akajibu haraka, siku hiyo: "Dada alitaka nyongeza. Nilikuwa na vitako vya mteja aliyekimbia. Nimeweka mpaka vikaisha. Wengine samahani hawana." Nilisoma mara mbili. Kisha nikarudi ndani na simu mkononi.

"Mwanangu," nikamwambia afisa. "Wewe umefungua katoni ngapi?"

"Moja."

"Si zote zina vitako. Muuzaji vilimwishia njiani. Ambazo hazina ni laini tupu."

Alisoma ujumbe, akarudisha simu. "Kitabu kinakubali vitu viwili tofauti vihesabiwe tofauti. Lakini simu yako si ushahidi. Zifunguliwe zote, tuhesabu, uweke saini."

"Lini?"

"Kesho. Na wanaofungua na kufunga unawatafuta wewe."

Sikutafuta mtu. Kesho yake tulifungua wenyewe, mimi na wakala, ambaye kwa mara ya kwanza nilimwona amekunja mikono ya shati. Kila mto unatoka, nabonyeza chini, nafungua zipu, naonyesha, unakwenda kushoto au kulia. Kushoto viti, kulia mito. Afisa amesimama na karatasi, anapiga mistari minne na wa tano kukatiza. Mimi nahesabu yangu kimoyomoyo. Kufika katoni ya kumi vidole vilikuwa vinauma. Katoni kumi na sita za mwanzo zote zilikuwa na vitako, na kila moja iliyofunguka niliiona fremu yangu ikisogezwa ukuta. Ya kumi na saba ikatoka minane yenye vitako, kisha laini. Laini tena. Nikakaa chini.

"Umechoka mama?" wakala aliuliza.

"Nimefika kwenye mito," nikasema.

Kufika katoni ya thelathini kiuno hakikuwa changu tena. Nikageuza ndoo iliyokuwa pale, nikatandika kitu juu, nikakaa, nikaendelea kubonyeza. Saa tisa alasiri tukamaliza. Wakala aliomba maji, hakuna aliyekuwa nayo.

"Viti mia moja tisini na tisa," nikasema.

"Mie ninavyo mia mbili," alisema afisa.

"Rudia."

Akarudia. Mia mbili, kwa mistari yake aliyoipiga zipu ilipofunguliwa. Nikarudia mimi rundo la kushoto, kimoja kimoja, nikivigusa. Mia moja tisini na tisa. Upande wa kulia nilikuwa na mia mbili na themanini, na yeye mia mbili na themanini. Jumla yangu ilipungua kimoja, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimamia hesabu maisha yangu yote. Nikaanza kumshuku wakala, Mungu anisamehe.

Afisa alikuwa ananitazama kiunoni.

"Mama, simama kidogo."

Nikasimama. Juu ya ndoo kulikuwa na mto wa bluu, kitako chake ndani, nilioukalia tangu katoni ya thelathini.

"Ulikuwa unakubeba?" aliuliza.

"Vizuri tu."

"Basi ni kiti," alisema, na kalamu akaichomeka kwenye nywele.

Hata mimi nilicheka. Wakala alicheka mpaka akaegemea katoni. Halafu tukaweka saini, mia mbili viti, mia mbili themanini mito, tofauti ya ushuru kwa vile mia mbili, na adhabu ya vitako visivyotamkwa. Nilijaribu kumwambia kile nilichokikalia tukiite kimeshatumika. Akasema, mama, nenda benki kabla hawajafunga.

Hela niliyokuwa nayo ilitosha kukomboa mzigo. Baada ya kukomboa haikutosha kodi. Nilimwendea yule mzee wa vyombo siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, katoni arobaini zimepangwa mbele ya fremu, jasho la kushusha halijakauka.

"Mzigo umefika, mzee wangu."

"Nauona. Na kodi?"

"Imefika nusu."

"Mie nusu sipokei, unajua."

"Najua. Kwa hiyo pokea nzima. Nusu yangu, nusu ya yule kijana wa simu. Tuweke ukuta wa mbao katikati, upande wa barabarani achukue yeye."

Aliweka miwani juu ya daftari, akafikiri. "Upande wa barabarani ndio mzuri."

"Ndiyo maana atalipa leo."

"Na mbao nani ananunua?"

Tulivutana juu ya mbao mpaka adhana ya alasiri. Alinunua yeye. Misumari nikanunua mimi. Nilitaka kumwomba na rangi, mdomo ukafunguka, nikaufunga.

Mito imeuzika. Nimeiuza polepole, lakini imeuzika. Ile laini ilikwenda kwanza. Ile yenye kitako, mama anakuja, anabonyeza chini, anakunja uso.

"Mbona huku kuna kitu kigumu?"

"Ni cha kumshikilia akae, dada."

"Mtoto wangu ana mifupa laini. Toa hiki. Mie namweka kwenye beseni, mto unazunguka."

Natoa. Analipa, anaondoka na mto ambao serikali na mimi tumeshakubaliana kwa saini kwamba ni kiti. Wachache wamebeba na kitako chao. Vingine vikabaki kwangu, nikavipanga ukutani kwenye mbao, kimoja ndani ya kingine, mpaka yule kijana wa simu upande wa pili akalalamika vinamwegemea.

Muuzaji wangu ameniandikia tena. "Dada mpendwa, mara hii unataka zawadi gani?" Nilikaa na ujumbe ule tangu asubuhi mpaka nilipopata chai ya saa kumi. Kisha nikaandika kwamba zawadi sitaki, kila kitu akiandike kwenye ankara, hata kamba ya kufungia. Nikatuma. Nikasubiri kidogo, nikaongeza: "Kwa kuwa sichukui zawadi, punguza bei." Bado hajajibu. Labda simu yake imeshindwa kutafsiri.

Jumapili iliyopita nilivitia vile vitako kwenye viroba viwili nikaenda navyo Pugu. Dada yangu alikuwa ameniambia vyombo vya maji ya vifaranga vimepasuka. Tulivipanga chini kwenye banda, tukavijaza maji, vifaranga vikaja vikanusa ule mkanda wa kumfungia mtoto, vikaanza kunywa. Baada ya muda kimoja kikaingia kikakaa mlemle, mahali pa makalio.

"Vinakaa humo," dada yangu alisema. "Vitachafua maji."

"Ndivyo vilivyotengenezwa."

Akaniangalia. Ananijua, mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, na uso wangu ukiwa umenywea anauona. "Kwa hiyo umefunga?"

"Sijafunga. Nina nusu."

"Nusu ya fremu ndiyo nini?"

"Hatua mbili na nusu kutoka mkono wangu mpaka kwenye mbao. Mlango ni wa pamoja na kijana wa simu."

"Na barabarani wanakuona?"

"Wakiinama."

Hakusema njoo tufuge. Nadhani nilikuwa namsubiri aseme. Akachukua kiroba kilichokuwa na masalia, akahesabu vilivyobaki, akaniambia ishirini na moja. Nikamwambia hesabu tena, nilivyokuja navyo na tulivyopanga vinanipa ishirini na mbili. Akahesabu tena huku ananuna, akapata ishirini na moja.

"Simama," nikamwambia.

Hakuwa amekalia kitu. Kilikuwa chini ya ngazi ya banda, mbwa amekwishakiburuta huko. Nikakiokota, nikakipangusa kwa khanga, nikakirudisha kwenye kiroba, na jioni nikateremka nikarudi Temeke, kwa sababu Jumatatu kijana wa simu huwa anachelewa kufungua, na mlango ni wa pamoja, lazima nifungue mimi.